Saa ya mmea kwenye kompyuta: anza na milinganyo mitatu

Mwongozo huu ni wa mtu aliyesoma hesabu za kidato cha sita, mwenye kompyuta iliyo na Excel au LibreOffice, ambaye angependa kuielewa saa ya mmea kwa kuijenga mwenyewe. Maabara si lazima, na lugha ya Python unaweza kujifunza baadaye. Kinachohitajika zaidi ni ubishi: usilikubali jibu kwa sababu tu mchoro wake umependeza kwenye skrini.

Tuanze na kinachoigwa. Mwaka 1729 Mfaransa Jean-Jacques d'Ortous de Mairan alieleza habari za mmea wa jamii ya kifauwongo uliofungiwa gizani. Uliendelea kufungua majani mchana na kuyafumba usiku ingawa jua haukuliona. Mwaka 1832 Augustin de Candolle akaonyesha kwamba mmea ukiwekwa mahali pasipo na zamu ya usiku na mchana, mzunguko wake si saa 24 bali 22 hadi 23. Hiyo saa moja au mbili inayopungua ndiyo ushahidi mzito. Mmea ungekuwa unafuata ishara fulani ya nje tuliyosahau kuizuia, ungeshika 24 barabara. Kumbe una saa yake mwenyewe, tena saa isiyo sahihi sana, ambayo alfajiri huirekebisha kila siku. Modeli yako basi ina kazi mbili: itembee yenyewe bila kusukumwa, na ikubali kurekebishwa na mwanga.

Wataalamu wa fani hii huhesabu saa tangu mwanga unapowaka, na saa hiyo huiandika ZT0. Hapa msomaji wa Kiswahili amepata bahati. Mwanga ukiwaka alfajiri saa kumi na mbili, ZT3 ni saa tatu asubuhi na ZT13 ni saa moja usiku. Simu yako itaandika 09:00 na 19:00, kwa hiyo toa sita kabla ya kuingiza data.

Kabla ya hesabu, pata mawimbi ya kweli ya kuyatazama. Katika maabara, njia iliyoifungua fani hii ni kimeng'enya cha kimulimuli, lusiferasi. Jeni yake huunganishwa na swichi ya jeni ya mmea, na mmea hung'aa kwa mwanga hafifu kila swichi inapowashwa. Kwa njia hiyo, mwaka 1995 Andrew Millar na wenzake walitangaza mmea wa Arabidopsis thaliana wenye hitilafu, ambao saa yake ilizunguka kwa takriban saa 21. Jeni iliyoharibika iliitwa TOC1, nasi tutakutana nayo tena.

Nyumbani utatumia maharage. Jani la kwanza la mche wa maharage huinuka mchana na kuinama usiku. Weka mche ndani ya kabati au boksi kubwa lenye taa ya LED inayowaka muda wote, elekeza simu ubavuni mwa mmea, na upige picha moja kila baada ya dakika 20. Pima pembe ya jani kwenye kila picha. Kwanza uzoeshe mmea kwa siku kadhaa za mwanga saa 12 na giza saa 12, ndipo uiache taa bila kuizima. Joto lisipande na kushuka, maana joto la mchana peke yake linatosha kuielekeza saa ukadhani inatembea yenyewe. Umeme ukikatika, itupe data ya siku zinazofuata hata kama roho inauma, kwa kuwa giza la ghafla huisogeza saa ya mmea. Usishangae pia ukipata mzunguko unaozidi saa 24.

Sasa fungua Excel. Saa za namna hii husimama juu ya wazo moja: kitu kinachojizuia chenyewe, lakini kwa kuchelewa. Fikiria tangi la maji lenye boya. Boya likifunga bomba papo hapo, maji hutulia. Likichelewa kufunga, maji hufurika, kisha hupungua kupita kiasi kabla bomba halijafunguka tena. Mwaka 1965 Brian Goodwin aliliandika wazo hilo kwa milinganyo mitatu. X ni nakala za jeni, Y ni protini inayotengenezwa kutokana na nakala hizo, na Z ni umbo la mwisho la protini, linalorudi kuizima jeni.

Badiliko la X kwa saa = 1/(1+Z^n) − aX
Badiliko la Y kwa saa = X − aY
Badiliko la Z kwa saa = Y − aZ

Herufi a ni kasi ya kuoza, na n ni ukali wa kizuizi. Z ikiongezeka kidogo na n ikiwa kubwa, jeni huzimika ghafla. Katika mstari wa 2 andika 0 kwenye A, 0.1 kwenye B, 0.25 kwenye C na 1.7 kwenye D. Mstari wa 3 uwe hivi:

A3: =A2+0.1
B3: =B2+0.1*(1/(1+D2^10)-0.15*B2)
C3: =C2+0.1*(B2-0.15*C2)
D3: =D2+0.1*(C2-0.15*D2)

Hakiki kwa mkono kabla ya kuburuta. 1.7 kwa kipeo cha 10 ni karibu 201.6, kwa hiyo uzalishaji wa X ni karibu 0.0049. Uozaji ni 0.15 mara 0.1, yaani 0.015. Tofauti yake ni hasi 0.0101, na kwa hatua ya sehemu moja ya kumi ya saa, B3 inapaswa kuwa 0.0990. Pia C3 iwe 0.25625 na D3 iwe 1.6995. Zikilingana, buruta hadi mstari wa 4,802, yaani siku 20, kisha uchore safu tatu. Utaona mawimbi matatu yakifuatana, X mbele, Y nyuma yake, Z mwisho, kwa mzunguko ulio karibu na saa 24.

Namba 0.15 haikuokotwa. Pale mawimbi yanapoanza kuzaliwa, mzunguko wa modeli hii ni 3.63 gawanya kwa a, na 3.63 gawanya kwa 0.15 ni 24.2. Maana yake kibayolojia ni kwamba nusu ya molekuli zinaoza ndani ya saa nne na nusu hivi. Ukitaka saa iende haraka, ongeza kasi ya kuoza. Wanaoanza wengi hukimbilia kuongeza kasi ya uzalishaji, ambayo katika modeli hii haina uzito kama huo.

Hapa sasa pana mtego ambao ni lazima uuone kwa macho yako. Badilisha 10 iwe 7, na hatua ya 0.1 iwe 0.5. Mawimbi yataendelea bila kufa, na utaamini kwamba n ya 7 inatosha. Rudia kwa n hiyohiyo na hatua ya 0.05. Safari hii mawimbi yanafifia, yakipungua nusu kila baada ya siku tano hivi. Saa uliyoiona mwanzo haikuwepo kabisa. Ilizaliwa na uvivu wa hesabu, maana njia hii ya kuruka hatua kwa hatua, iliyopewa jina la Euler, huongeza nguvu kidogo kwenye kila wimbi. Jiwekee sheria: matokeo yoyote unayoyafurahia, yarudie kwa hatua ndogo mara kumi. Yakibadilika, si matokeo.

J. S. Griffith alionyesha mwaka 1968 kwamba modeli hii ya hatua tatu haiwezi kutetemeka mpaka n izidi 8. Kwa protini halisi hilo ni dai zito. Kizuizi chenye ukali huo kingetaka molekuli nyingi zishikane kwa pamoja juu ya swichi moja ya jeni, jambo ambalo si la kawaida. Kuna njia mbili za kutoka. Moja ni kuongeza hatua: ukiwa na milinganyo minne yenye kasi sawa ya kuoza, mpaka unashuka hadi n ya 4, na a inapanda hadi karibu 0.26 ili mzunguko ubaki saa 24. Nyingine ni kuufanya uozaji uwe na kikomo, yaani vimeng'enya vinavyovunja protini vizidiwe na kazi protini zikiwa nyingi. Mimi ningeanza na ya kwanza kwa kuwa haiongezi vigezo vipya, ingawa modeli nyingi zilizochapishwa zinatumia pia ya pili.

Kuongeza mwanga ni rahisi. Weka safu E yenye =IF(MOD(A2,24)<12,1,0), kisha kwenye uzalishaji wa X ongeza k mara E2. Anza na k ya 0.0005 na hatua yako ya awali, n ikiwa 10, halafu upandishe taratibu ukiangalia kilele cha X kinavyoanza kuangukia saa ileile kila siku. Usipandishe ovyo. Ukifika 0.002, acha taa iwake mfululizo kwa kuandika 1 kwenye safu yote ya E, na utaona mawimbi yanafifia. Modeli yenye k hiyo inaweza kupendeza sana chini ya usiku na mchana, lakini ni mtumwa wa taa, kwa kuwa taa isipozimwa haina saa. Mmea wa Arabidopsis huendelea na mawimbi yake hata chini ya mwanga usiokatika, kwa hiyo k kubwa namna hiyo imeshindwa mtihani.

Baada ya hapo unaweza kuugusa mmea wenyewe, na hapa ningependa utulie, maana historia ya modeli za Arabidopsis inafundisha kuliko milinganyo.

Mwaka 2001 David Alabadí na wenzake walipendekeza mzunguko mfupi. Jeni mbili za alfajiri, CCA1 na LHY, zinaizima TOC1, na TOC1, ambayo kilele chake ni jioni, inaziwasha hizo mbili. Mwaka 2005 James Locke, Andrew Millar na Matthew Turner waliugeuza mzunguko huo kuwa milinganyo. Ukafanya kazi kwa kiasi, ila kwa masharti. TOC1 iko juu jioni, na jeni inazodaiwa kuziwasha zinaamka karibu na alfajiri. Nani anashikilia ujumbe usiku kucha? Katika modeli iliyopanuliwa mwaka huohuo waliingiza kitu kisichojulikana, wakakiita X, kiwe katikati. Tena, mimea iliyoharibiwa CCA1 na LHY zote mbili iliendelea kuwa na mawimbi ya muda mfupi, takriban saa 18, ambayo mzunguko mmoja haukuweza kuyaeleza. Wakaongeza kitu cha pili, Y, na modeli ikatabiri Y ionekane saa ngapi. Majaribio yakaielekeza kwenye jeni iitwayo GIGANTEA, iliyofaa kuwa sehemu ya Y.

Habari ya Y husimuliwa mara nyingi kama ushindi wa hesabu, na ni kweli. Lakini kwa anayejifunza, X ina mafunzo zaidi. X haikupatikana. Mwaka 2012 makundi mawili ya watafiti yalionyesha kwamba TOC1 haiwashi CCA1 na LHY bali inazizima. Mshale ulikuwa na alama kinyume! Kwa miaka kadhaa modeli zilitoa saa 24 nzuri, vilele mahali pake na michoro safi, huku kiungo kimoja muhimu kikiwa kimegeuzwa.

Jaribu mwenyewe kuona kwa nini hilo halikuwa jambo dogo. Zidisha alama za mishale kuzunguka duara. Kuwasha ni chanya, kuzima ni hasi. CCA1 kuizima TOC1, na TOC1 kuiwasha CCA1, ni hasi mara chanya, jibu hasi, na duara hasi laweza kutetemeka. Zote mbili zikizimana, hasi mara hasi ni chanya, na duara chanya ni swichi: anayeshinda anabaki juu. Peke yake haliwezi kuwa saa. Kwa hiyo kuugeuza mshale mmoja kulilazimisha ramani yote ichorwe upya. Alexandra Pokhilko na wenzake, mwaka huohuo wa 2012, walitoa modeli ambayo kiini chake ni duara la vizuizi vitatu: jeni za alfajiri zinazizima zile za mwanzo wa usiku, za usiku zinazizima jeni za kundi la PRR pamoja na TOC1, na hizo PRR zinazizima za alfajiri. Hasi mara tatu ni hasi, na saa inatembea. Umbo hilo lilikwisha kujengwa kwa makusudi ndani ya bakteria E. coli na Michael Elowitz na Stanislas Leibler mwaka 2000, na mimea ikaonekana kuwa na jamaa yake. Kitu X hakikuhitajika tena.

Kutokana na hayo, ukipanga vigezo vya modeli yako, usiifuate data nukta kwa nukta. Modeli yenye vigezo vingi itainama ikubaliane na chochote. Fanya kama kundi la Locke: tengeneza alama ya adhabu inayopanda modeli inapokosa mambo yenye maana, kama vile urefu wa mzunguko, saa ya kilele, na kuendelea kwa mawimbi gizani, kisha iache kompyuta ijaribu seti nyingi za vigezo ikitafuta adhabu ndogo. Hifadhi seti nyingi nzuri, si moja bora. Seti 50 zikikubaliana kwamba protini fulani inaoza haraka, hilo ni jambo la kupeleka maabara. Zikitofautiana mara elfu, data yako haijasema lolote kuhusu kigezo hicho, na namba uliyonayo usiichapishe kama ugunduzi.

Kisha uivunje. Weka sifuri kwenye uzalishaji wa TOC1 uone kama mzunguko unafupika kuelekea saa 21. Ongeza ZTL, protini inayosaidia kuivunja TOC1, kisha uiondoe. Mimea halisi isiyo nayo huwa na mzunguko mrefu, hadi saa 27 au 28. Ondoa ELF3, jeni nyingine ya saa hii, na mawimbi yapotee chini ya mwanga usiokatika. Hitilafu ulizotumia kupanga vigezo si mtihani tena, kwa hiyo weka kando mbili au tatu ambazo modeli haijaziona.

Si kila modeli ya saa inahitaji jeni. Watafiti wa John Innes Centre, mjini Norwich nchini Uingereza, waliona kwamba Arabidopsis huvunja wanga wake usiku kwa kasi isiyobadilika, na wanga hubaki kidogo sana alfajiri ikifika. Ukiuzimia taa mapema kwa ghafla, mmea huipunguza kasi usiku huohuo. Modeli waliyoitoa mwaka 2013 inasema mmea unagawanya: wanga uliopo kwa saa zilizobaki hadi alfajiri. Tuseme una vipande 100 na usiku wa saa 12, kasi ni 8.3 kwa saa. Ukizimiwa taa ZT8 ukiwa na vipande 67, alfajiri iko mbali kwa saa 16, kasi inashuka hadi 4.2. Mlinganyo mmoja tu, lakini unatabiri jambo la kupimika. Kwa wenye haraka, hii ndiyo modeli ninayopendekeza kwa darasa la jioni moja.

Neno moja kwa wanaotaka kuhamishia modeli hizi mashambani kwetu. Zimepangwa kwa data ya Arabidopsis ya chumbani, na hupimwa kwa siku fupi za saa 8 na ndefu za saa 16. Mjini Edinburgh, ambako nyingi zililelewa, mchana hutoka karibu saa 7 majira ya baridi hadi zaidi ya 17 kiangazi. Dar es Salaam tofauti yote ya mwaka haifiki saa moja. Modeli inayotofautisha vizuri saa 8 na 16 inaweza isione kabisa tofauti ya chini ya saa moja ambayo mmea wa huku huenda unaitegemea, na hiyo ni kazi ya utafiti iliyo wazi kwa yeyote mwenye maharage na subira. Umuhimu wake si wa kufikirika: mwaka 2005 Antony Dodd na wenzake walionyesha kwamba Arabidopsis ambayo saa yake inalingana na mzunguko wa mazingira hufunga kaboni zaidi na kukua zaidi kuliko ile isiyolingana.

Ukimaliza Excel, pakua programu ya COPASI, ambayo ni ya bure, na utafute modeli zilizochapishwa kwenye hazina ya BioModels. Kwa kupima mzunguko wa data yako ya majani, tumia BioDare2 ya Chuo Kikuu cha Edinburgh, nayo ni bure. Usianze na ya Pokhilko yenye vigezo takriban mia moja. Anza na modeli fupi ya Joëlle De Caluwé na wenzake ya mwaka 2016, yenye vibadilika tisa tu, ambayo unaweza kuisoma yote na kujua kila mshale unatoka wapi. Geuza alama ya mshale mmoja, andika pembeni unachotarajia kabla ya kubonyeza kitufe, ndipo uiendeshe.